ALAMA NA MAFUMBO YA WAFRIMASONI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Tumeulizwa katika darasa yetu, si mara moja wala mbili, juu ya watu waitwao Wafrimasoni: ni kina nani, na zile alama zao za bikari na jicho na nguzo mbili zina maana gani? Muulizaji wa mwisho hakuuliza kwa kutaka kujua tu, bali alikuja na dhiki. Jirani yake, mtu mwenye kusali na kutoa zaka, alijenga nyumba ya ghorofa kwa muda mfupi, na vinywa vya watu vikamwita Frimasoni. Ushahidi wao haukuwa illa pambo la dirisha lenye umbo la pembe tatu. Watu wakakiepuka chakula chake, na posa ya binti yake ikavunjwa. Na katika siku hizo hizo kijana mwengine wa mtaani aliona karatasi iliyobandikwa juu ya nguzo ya stima, ina picha ya bikari na nambari ya simu, yaahidi utajiri kwa kila mwenye kujiunga. Akazituma fedha alizozidunduliza ili anunue pikipiki, na tangu siku ile simu ile haijibiwi.

Mmoja amedhulumiwa kwa sababu ya alama, na mwengine amelaghaiwa kwa alama ile ile. Na yote mawili yamepata njia kwetu kwa kuwa hatuijui alama yenyewe ni kitu gani. Basi tumeona yatupasa tuyaeleze mambo haya kwa kadiri ya yaliyothubutu, tusizidishe wala tusipunguze, kisha tuyapime kwa mizani ya dini yetu.

ASILI YAO

Zamani huko Ulaya waashi waliokuwa wakichonga mawe na kujenga makanisa makubwa na ngome walikuwa na vyama vyao. Mwanagenzi alifundishwa na fundi wake miaka mingi, akala kiapo kuwa hatazitoa siri za kazi kwa mtu asiye fundi, maana siri hizo ndizo zilizokuwa riziki yao. Mahali pao pa kukutania paliitwa loji. Katika mji wa Edinburgh, nchi ya Scotland, kuna daftari la loji moja ambalo maandiko yake yaanzia mwaka 1599.

Baadaye watu wasiokuwa waashi, wenye elimu na wenye mali, wakaanza kuingizwa katika loji hizo. Mwanachuoni mmoja wa Kiingereza, Elias Ashmole, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba yeye aliingizwa mwaka 1646, naye hakuwa akichonga jiwe wala kupiga chokaa. Hata ulipofika mwaka 1717, kwa mujibu wa mapokezi yao wenyewe, loji nne za London ziliungana zikafanya Loji Kuu. Na mwaka 1723 James Anderson, kasisi wa Kiskoti, akawaandikia kitabu cha kanuni zao. Kazi ya mawe ikawa imekwisha kuondoka, vikabaki vyombo vyake na maneno yake, vikatumiwa kuwa mifano ya tabia. Hapo ndipo ulipoanza Ufrimasoni huu tuusikiao, na kwa kufuata meli na dola ya Waingereza ukaenea India, na Misri, na Afrika Mashariki. Huku Kenya jumba lao la Nairobi lajulikana na kila mpita njia, na jina lao limeandikwa wazi.

ALAMA ZAO NA MAANA ZAKE

Wafrimasoni wenyewe husema kuwa mafunzo yao ni mafunzo ya tabia yaliyofunikwa kwa mafumbo na kuelezwa kwa alama. Daraja zao za asili ni tatu: mwanagenzi, kisha fundi mwenza, kisha fundi mkuu. Kila daraja ina vyombo vyake, na kila chombo kina fundisho lake. Msomaji aliyepata kusimama karibu na fundi wa nyumba za mawe katika mitaa yetu ya kale hatavionea ugeni vyombo hivi.

Kipimo cha pembe, kile cha fundi chenye vipande viwili vilivyoungana, ni alama ya unyofu: mtu ayapime matendo yake yakae sawa na watu. Bikari, chombo cha kupigia duara, ni alama ya mpaka: mtu aizungushie mpaka nafsi yake, matamanio yake yasiupite. Timazi ni alama ya kusimama wima katika haki. Pimamaji ni alama ya usawa wa wanadamu, kwamba tajiri na maskini mwisho wao ni mmoja. Jiwe lisilochongwa ni mtu kabla ya kutengezwa tabia yake, na jiwe lililochongwa ni mtu aliyetengea. Kijiti cha kupimia cha inchi 24 ni saa 24 za mchana na usiku: sehemu yake ni ya kumwabudu Mungu na kumsaidia mhitaji, sehemu ya kazi, na sehemu ya mapumziko. Sakafu ya miraba myeusi na myeupe ni dunia, raha yake na taabu yake. Nguzo mbili ni mfano wa zile zilizotajwa katika Biblia kuwa zilisimamishwa mbele ya Hekalu la Suleiman.

Bikari na kipimo cha pembe huwekwa juu ya kitabu kitakatifu, na kuwekwa kwake kuna maana. Katika daraja ya kwanza ncha zote mbili za bikari hufichwa chini ya kipimo; katika ya pili ncha moja hudhihirishwa; na katika ya tatu zote mbili huwa juu. Maana yake ni kuwa mtu aendelea kutoka kizani kwenda kwenye nuru kidogo kidogo.

Ama lile jicho, vijana wetu wengi hutuonyesha picha ya noti ya dola ya Marekani, wakasema: tazameni, dunia yote imo mikononi mwao! Jicho ndani ya pembe tatu lilichorwa katika makanisa ya Ulaya kabla ya kuwako Loji Kuu, nao wakikusudia kwamba Mungu awaona waja wake. Muhuri wa Marekani wenye jicho ulipitishwa mwaka 1782, na katika noti ya dola moja ukatiwa mwaka 1935. Wafrimasoni nao walilichukua jicho kama walivyolichukua wengine. Mwenye kuona pembe tatu katika dirisha la jirani akasema ni Ufrimasoni, basi na aanze na paa la nyumba yake mwenyewe.

Na hapa pana jambo ambalo yule kijana wa pikipiki lau angelijua, asingalipotewa na fedha zake. Siku ya kuingizwa mtu katika daraja ya kwanza hufungwa kitambaa machoni, akatiwa kamba shingoni, akafunuliwa kifua na goti la kushoto, na huondolewa kila kitu cha madini alicho nacho, hata sarafu. Kisha huombwa atoe sadaka, naye hana cha kutoa. Fundisho lake ni kuwa awakumbuke maskini, maana naye aliingia hali hana kitu. Na wanachama wao hulipa ada kila mwaka. Basi chama ambacho mlango wake wa kwanza ni kumwonjesha mtu ufukara, vipi kitakuwa ni hazina ya kugawa utajiri kwa simu? Wale wa karatasi za nguzoni ni wezi, hawana loji wala bikari.

KISA CHA HIRAM

Fumbo lao kubwa limo katika daraja ya tatu. Wasema kwamba Nabii Suleiman (A.S.) alipokuwa akijenga Hekalu, fundi mkuu wa kazi alikuwa ni Hiram Abif, naye peke yake pamoja na wafalme wawili ndio waliokuwa wakilijua neno la siri la daraja ya mafundi wakuu. Mafundi watatu wenye tamaa wakamvizia katika milango mitatu, kila mmoja akimtaka alitoe neno lile, naye akikataa. Wakampiga kwa vyombo vya kazi, na wa tatu akamuua kwa nyundo. Wakamzika mahali pa siri, na kaburi lake likajulikana kwa tawi la mgunga. Kwa kifo chake neno lilipotea, na badala yake likawekwa neno jingine mpaka hapo lile la kweli litakapopatikana. Mwenye kuingizwa hulazwa kana kwamba yeye ndiye Hiram aliyekufa, kisha akainuliwa. Maana yake, kwa maelezo yao, ni uaminifu hata kufa, na kuyakumbuka mauti.

Kisa hiki hakimo katika Qur'ani, na wala hakimo katika Biblia. Biblia yamtaja Hiram, mwana wa mjane, kuwa ni fundi wa shaba kutoka mji wa Tiro, aliyesubu zile nguzo mbili. Nayo yasema kuwa aliimaliza kazi aliyopewa na mfalme Suleiman. Haisemi kuwa aliuawa, wala haitaji neno lililopotea. Kisa cha kuuawa kwake kilionekana katika chapa mwaka 1730, katika kijitabu cha Samuel Prichard aliyezitangaza siri za loji mjini London. Wafrimasoni wenye elimu hawakatai: wasema ni mfano, si tarehe. Basi na tukichukulie hivyo, ni mfano uliotungwa.

Kupiga mifano si kosa. Qur'ani yenyewe imepiga mfano wa mbu, na wa nyumba ya buibui, na wa taa iliyo katika shubaka. Lakini kila mfano huulizwa: wampeleka wapi mwenye kuusikia?

SULEIMAN (A.S.) KATIKA QUR'ANI

Qur'ani nayo imetaja ujenzi wa Suleiman na mauti, na msomaji atazame tofauti ya mafunzo mawili haya. Katika Sura ya Saba tumeelezwa kuwa Mwenyezi Mungu alimtiririshia Suleiman chemchemi ya shaba, na majini wakimfanyia kazi alizotaka: mihrabu, na mabeseni makubwa kama mahodhi, na masufuria yasiyoondoka mahali pake. Kisha yakamjia mauti hali ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu wakidhani yu hai, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo, akaanguka. Hapo ikabainika kuwa lau wangalikuwa waijua ghaibu, wasingalikaa katika adhabu ile.

Katika kisa cha loji, mjenzi hufa na siri yake, na watu wakabaki kuitafuta. Katika kisa cha Qur'ani, mfalme hufa, na kufa kwake kunafichua kuwa wale waliodhaniwa wana siri hawakuwa na siri yoyote. Fumbo la kwanza humfunga mtu na siri, na la pili humfungua nayo. Na katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu amemtakasa Suleiman na uzushi wa watu waliomnasibishia uchawi. Kwa hiyo kumzulia mtu mambo ya siri ni tabia ya kale, na hata Mitume hawakusalimika nayo.

UZUSHI ULIOKUBALIWA

Walioonea kwa uzushi katika jambo hili si watu wa mtaa wetu peke yao. Huko Ufaransa kulikuwa na mwandishi aitwaye Leo Taxil. Kuanzia mwaka 1885 alichapa vitabu akidai kuwa Wafrimasoni wamwabudu Shetani katika mikutano ya siri, akataja na mwanamke aliyedaiwa kuyaona hayo kwa macho yake. Watu wakasadiki, hata wakubwa wa kanisa. Tarehe 19 Aprili 1897 aliwakusanya watu Paris, wakingoja kumwona mwanamke huyo, naye akawaambia kuwa yote aliyazua yeye mwenyewe. Uzushi ule umekiriwa na mzushi wake zaidi ya miaka 120 sasa, na mambo yale yale bado yasemwa vibarazani petu kana kwamba yameonekana jana.

Na upande wa pili tusifiche: siri nayo ina uovu wake. Mwaka 1826, katika jimbo la New York, mtu aitwaye William Morgan alitangaza kuwa atazichapa siri za loji. Akatekwa, na hakuonekana tena. Kwa hasira ya jambo hilo watu wa Marekani waliunda chama kizima cha siasa cha kuwapinga Wafrimasoni. Viapo vyao vya zamani vilikuwa na maneno ya kutisha ya kukatwa koo na kung'olewa ulimi kwa mwenye kutoa siri. Ni mwaka 1986 tu Loji Kuu ya Uingereza ilipoamua kuyaondoa maneno hayo katika viapo.

MIZANI YETU

Huenda mtu akasema: basi ikiwa mafunzo yao ni unyofu na sadaka, kuna ubaya gani Mwislamu kuingia? Na atatukumbusha kuwa Sayyid Jamaluddin Al-Afghani aliingia katika loji huko Cairo, na mwaka 1878 akachaguliwa kuwa mkuu wa loji ya Kaukab Ash-Sharq. Na kuwa Sheikh Muhammad Abduh aliingia pamoja naye. Hayo ni kweli, wala hatuyafichi kwa kuwa twawaheshimu. Walitafuta mahali pa kukusanyika watu wenye fikra, katika nchi iliyokuwa haina uhuru. Lakini heshima ya mtu haiwi dalili, na sisi tumefundishwa kuwajua watu kwa haki, si kuijua haki kwa watu. Tena wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Makka, katika mwaka 1978, walilitazama jambo hili wakatoa hukumu kali ya kuukataza, na kwamba mwenye kuingia hali akijua hakika yake na makusudio yake amejitoa katika Uislamu.

Sisi twataja sababu tatu ambazo kila Mwislamu aweza kuzifahamu.

Ya kwanza ni kiapo. Mtu huapa, na pengine mkono wake u juu ya Msahafu, kuwa ataificha siri ambayo bado hajaambiwa. Mwislamu hanunui hata samaki aliye ndani ya kikapu kilichofunikwa. Vipi auze kiapo chake kwa kitu asichokijua?

Ya pili ni tauhidi. Wao humtaja Mungu kwa jina la Msanifu Mkuu wa Ulimwengu, na kila mtu huachiwa amkusudie yule aaminiye. Loji za Ufaransa zilizo chini ya Grand Orient zilikwenda mbele zaidi, na mwaka 1877 zikaondoa hata sharti ya kumwamini Mungu. Ama Mwislamu, Mola wake si jina lililoachwa wazi kila mtu alijaze apendavyo.

Ya tatu ni kuwa hana haja nayo. Ukitaka kipimo cha usawa, simama katika safu ya sala, bega kwa bega na mchukuzi wa bandarini. Ukitaka kukumbuka mauti, fuata jeneza la kweli mpaka makaburini. Ukitaka kugawanya saa 24, una sala tano. Ukitaka kumkumbuka maskini, una zaka. Hayo yote yaadhiniwa juu ya mnara, na mlangoni hapana mlinzi mwenye upanga.

Lakini kuukataa Ufrimasoni ni jambo moja, na kumtuhumu mtu nao ni jambo jingine. Tumeamrishwa kuihakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na tumeamrishwa tusiache uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Basi je, jirani anayesali ubavuni mwetu? Twawasihi waliokikataa chakula chake waende nyumbani kwake, wamtake radhi, na wale. Na waliovunja posa wajiulize watamjibu nini Mola wao juu ya binti yule. Na kijana wa pikipiki asichekwe, bali asaidiwe, na karatasi zile zibanduliwe kila zionekanapo.

TOFALI LA MWISHO

Tutamaliza kwa fumbo la ujenzi, lakini la kwetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alijifananisha yeye na Mitume waliomtangulia na nyumba iliyojengwa na mtu akaitengeza na kuipamba, isipokuwa mahali pa tofali moja katika pembe yake. Watu wakawa wanaizunguka na kuistaajabia, wakiuliza mbona tofali lile halikuwekwa. Naye akasema kuwa yeye ndiye tofali lile, na ndiye wa mwisho wa Mitume.

Jengo la loji, kwa kisa chao wenyewe, fundi wake ameuawa na neno lake limepotea, na kila aingiaye huambiwa asubiri litakapopatikana. Jengo letu limekwisha, tofali lake la mwisho limewekwa, na Neno lake limehifadhiwa: mtoto wa chuoni alisoma kwa sauti, na mpita njia alisikia. Mwenye nyumba iliyotimia hana haja ya kubisha hodi kwenye nyumba inayotafuta neno lake. Wala hamvunjii jirani yake ukuta kwa sababu ya pambo la dirisha.

Wabillahi tawfiq.